Gari la Sadaka

Juzi nilivuka hadi Kizingitini kwa hitima ya Bwana Kassim, nikala pilau yake, na hadi leo imenikwama kifuani. Pilau yenyewe haikuwa na kosa. Mbuzi alikuwa laini, mchele umechambuka, na kachumbari ilitiwa ndimu ya kutosha. Kilichonikwama ni maneno. Tulikuwa tumeketi mikekani, watu sita kwa sinia moja, na jirani yangu, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akawa anawaeleza wenzake sifa za marehemu: kwamba ndiye mtu wa kwanza kuwapa watu wa huku gari la kubebea wagonjwa, lillahi, bila kuombwa na mtu, na kwamba gari lile lilikuwa na baraka hata mwanamke mmoja akajifungulia mle ndani salama salimini. "Mle mle garini," akasema, akimumunya mfupa. "Kwenye kiti cha nyuma." Wote wakasema Mungu amrehemu. Nami nikasema Mungu amrehemu, kwa kuwa maiti ana haki yake, nikanawa mikono kabla ya wenzangu, nikatoka nje.

Maiti hasengenywi. Gari, nadhani, ruhusa. Na gari lile nalijua hadi tumboni mwa milango yake, mahali ambapo hakuna mwingine aliyetia mkono, na siku ile anayoisimulia yule kijana mimi ndimi niliyekuwa nimeshika usukani. Hakuna mtu aliyezaa ndani yake. Yule aliyezaa, alizaa kwa kulikimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipotoka mjini Amu kwenda Kizingitini kwa Bwana Kassim kumtengenezea injini za boti, nikakaa mwaka mmoja kasoro siku chache. Yeye alikuwa akinunua kamba, wale wakubwa wa mawe wenye masharubu marefu kama fimbo, kutoka kwa wazamiaji, akiwapeleka Mombasa wangali hai. Nilipewa chumba kilichopakana na ghala. Kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia shati na dirisha dogo lililotazama hodhi la saruji walimofungiwa kamba. Wale waliokufa kabla ya kusafirishwa walitupwa nyuma ya ukuta, upande wa kichwa changu. Mwezi wa kwanza sikuweza kula. Kila adhuhuri binti wa jirani alituletea mofa za moto na samaki wa kukaanga, na mimi nilikuwa nikiimega mofa, nikiinusa, nikiirudisha sahanini, kwa sababu hata mkate ulikuwa umeshika harufu ya ukuta ule. Mwezi wa pili nilikula. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi nikikumbuka: jinsi nilivyozoea upesi.

Bwana Kassim mwenyewe hakunuka kitu ila udi. Sijaona mtu msafi kama yeye. Kanzu yake ilikuwa nyeupe asubuhi na nyeupe jioni, kucha zimekatwa sawasawa, na katika mwaka mzima sikumwona akimgusa kamba hata mmoja kwa mkono wake. Alisimama mlangoni mwa ghala akielekeza kwa bakora, asivuke kizingiti. Alikuwa na sauti ya upole. Alipotaka kukukemea alikuita "mwanangu".

Gari lilikuja kwa jahazi, limefungwa magurudumu yote kwa kamba za makumbi ya nazi, likashushwa ufukweni juu ya mbao mbili huku nusu ya mji wakipiga kelele. Lilikuwa steshen wagon jeupe la Kijapani, si jipya, lakini lilikuwa na kitu ambacho hatukuwa tumekiona kisiwani: vioo vya umeme, vya kubonyeza swichi. Siku tatu za mwanzo watoto walipanga foleni kuona kioo kikipanda chenyewe. Siku ya nne Bwana Kassim akaamuru magunia ya kamba yapakiwe nyuma. Maji yakipwa, boti haziwezi kupita mikondo ya huku mpaka maji yajae, lakini Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa, bahari ina kina saa zote. Kwa hiyo gari lilibeba magunia mabichi hadi kule, kupitia Faza, Siyu na Pate, kwa ndia ya mchanga na mashimo. Magunia yalirundikwa hadi juu ya kiti cha nyuma, yakaegemezwa milango, yakichuruzika. Maji ya chumvi yalipenya kwenye ule ufa ambamo kioo huingia, yakateremka ndani ya mlango, yakakaa humo.

Haikupita miezi sita vioo vikaanza kufa. Cha dereva kilikufa kwanza kikiwa juu, nikakikazia kwa kabari ya mti. Cha nyuma kulia kikafuata. Vya upande wa kushoto, cha mbele alipokaa Bwana Kassim na cha nyuma yake, vilikuwa vikipanda kwa kuugulia, vikisimama nusu, hadi uupige mlango ngumi ndipo viendelee. Nilimwambia mota zinaliwa na chumvi. "Igonge tu, mwanangu," akanijibu. "Si inakwenda?"

Kisha, mwaka ukikaribia mwisho, akaamua kugombea udiwani, na gari likageuka sadaka.

Nilisikia uamuzi huo kupitia ukutani. Nilikuwa kitandani baada ya chakula cha mchana, na yeye alikuwa ghalani na mdogo wake, Shee, mtu mnene wa kucheka ovyo. Bwana Kassim alikuwa akisema atalitoa gari kwa wagonjwa wa mji, litapokelewa Ijumaa baada ya sala, na mkubwa mmoja wa serikali atakuja kutoka Amu kushuhudia. Shee akauliza habari ya vioo. Bwana Kassim akasema mota moja mpya imeshaagizwa Mombasa, itatiwa mlango wa mbele, atakapoketi yeye na mgeni wake kwa zamu.

"Na nyuma?" Shee akauliza.

"Nyuma kuna nini?"

"Si ndiko watakakolazwa wagonjwa?"

"Mgonjwa ana haja gani ya kioo?" akasema Bwana Kassim, kwa sauti ile ile ya upole. "Mgonjwa hatazami ndia."

Shee akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, pale kitandani nilitabasamu. Nilidhani ni maneno ya werevu. Kwa miaka mingi nimejaribu kujisadikisha kwamba sikutabasamu.

Mota ilifika Jumatano, imefungwa gazeti. Alhamisi asubuhi nilianza na mlango wa nyuma kushoto, nikitaka kuona hali yake kabla ya kugusa ule wa mbele. Nilifungua skrubu chini ya kishikio, nikaukwanyua ubao wa ndani kwa bisibisi bapa, vibanio vikikatika kimoja baada ya kingine kwa ukavu. Nyuma ya ubao kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi. Nilipoibandua pembeni, yaliyokuwa ndani yakanimwagikia mapajani. Yalikuwa meusi na mazito, na yalikuwa na uvuguvugu. Vitundu vya chini ya mlango, vya kutolea maji, vilikuwa vimezibwa na magamba na matope, na kila kilichodondoka kutoka kwenye magunia miezi yote ile kilikuwa kimekaa humo kikiiva: miguu ya kamba, masharubu yao, kipande cha pweza wa chambo kilichogeuka ute, na funza weupe waliopanda hadi kwenye nyaya. Nilikimbilia nyuma ya ukuta nikatapika mofa ya asubuhi. Mabaharia waliokuwa wakisuka nyavu pale wakanicheka. Nikarudi, kwa sababu kazi ni kazi, nikatia mkono.

Kioo nilikiinua kwa mikono nikakikaza kwa kabari kisianguke, na ule mkono wa chuma unaokibeba nikaufunga kwa waya, maana una springi inayoweza kukuvunja vidole ukiitoa mota bila kujihadhari. Bolti tatu. Ya tatu ilikatika. Mota ikatoka mkononi mwangu imeumuka kwa kutu kama andazi. Nilipoipasua nikaona kaboni zake, zile zinazopitisha umeme, zimesagika hadi kuwa kama punje za mchele, na grisi imekuwa tope la kijani. Ile ilikuwa maiti.

Ya mbele ilikuwa mahututi tu. Kwa hiyo nilifanya hivi, na naeleza kwa urefu kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Mota mpya niliitia mbele, kama nilivyoamriwa. Ile mahututi ya mbele, kwa kuwa milango ya upande mmoja hutumia mota za aina moja, niliihamishia nyuma. Nilizikwangua kaboni zake kwa msasa, nikaishindilia grisi, grisi ya kuficha ubovu wala si ya kulainisha, nikaijaribu kwa swichi. Kioo kilishuka na kupanda. Mara ya pili kikashuka na kupanda. Mara ya tatu kikafika nusu, kikatulia kama mzee anayepanda ngazi, kisha kikamalizia. Wala sikuusafisha mlango wote. Niliyakomba yaliyokuwa yakionekana, nikarudisha nailoni, nikarudisha ubao, na vibanio vilivyokatika nikaviziba kwa gundi.

"Bwana," nikamwambia, "hii ya nyuma haina siku nyingi."

"Ijumaa itafika?"

"Ijumaa itafika."

"Basi," akasema, "Mwenyezi Mungu atajaalia," akaninyooshea chupa ya marashi ninyunyize viti.

Ijumaa watu walijaa uwanjani kutoka msikitini. Bwana Kassim alitoa hotuba fupi, akasoma aya, akalia kidogo. Akamkabidhi ufunguo Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu mkimya aliyeupokea kwa mikono miwili. Kisha akabonyeza vioo vya upande wa kushoto, cha mbele na cha nyuma, vikashuka pamoja kama pazia, na akina mama wakapiga vigelegele. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi Athmani, waambie. Kila kitu kizima?"

Nilimwona Mzee Bakari akiningojea. Nilikuwa na harufu ya ule mlango chini ya kucha bado, nimezisugua kwa ndimu isitoke.

"Kila kitu kizima," nikasema.

Ufunguo ulipokelewa baada ya sala ya Ijumaa, na kabla ya alasiri ulikuwa umerudi kwa Bwana Kassim, ati autunze. Mimi pia nilikuwa sadaka, dereva wa kujitolea kwa hisani yake. Jumamosi tukapakia kamba kama kawaida. Kioo cha nyuma kilikufa Jumatatu, kikiwa kimefungwa. Nikamwambia. Akasema nyingine itaagizwa. Haikuagizwa.

Mwanakheri alishikwa na uchungu wiki ya pili. Alikuwa binti wa umri wangu, mimba ya kwanza, mumewe mzamiaji yuko dago, kambi ya wavuvi, huko Kiwayu. Uchungu ulimchukua siku nzima na usiku, na asubuhi mkunga, Bi Maryamu, akasema huyu ni wa kupelekwa hospitali Amu, upesi. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Gari likaitwa. Bwana Kassim naye alikuwa na safari ya Amu siku hiyo, kwa mambo ya kura, na magunia mawili ya kamba yalikuwa tayari nyuma kabisa. Akaketi mbele. Tukampisha, maana gari lilikuwa lake, hata kama lilikuwa letu.

Hadi Faza tulikwenda vizuri, kioo chake kikiwa wazi. Tulipotoka Faza vumbi likazidi, naye akabonyeza swichi, kioo kipya kikapanda bila sauti. Sasa tulikuwa tumefungiwa pande zote nne. Jua lilikuwa limeshapanda. Joto likaanza kuuchemsha ule mlango wa nyuma, uvundo ukatoka kwenye kila tundu la gundi, ukachanganyika na moshi wa ekzosi uliokuwa ukipenya mlango wa buti na maji ya magunia yaliyokuwa yakitiririka chini ya kiti. Mwanakheri alikuwa amelala kichwa chake kwenye mlango ule ule.

"Bwana, fungua kioo," Bi Maryamu akasema.

"Vumbi, mama. Nina mkutano nikifika."

"Fungua cha nyuma basi, hata kidogo!"

Nilibonyeza swichi. Nikasikia mota ikisema *tk*, basi. Nikabonyeza tena. Mwanakheri akatapika. Akatapika juu ya kanga yake na juu ya mkono wa Bi Maryamu, akaanza kuukwangua mlango kwa kucha, akisema, "Nitoeni, nitoeni, nakufa kwa harufu, nishusheni tini." Nilisimamisha gari tulipokaribia Siyu, nikazunguka nikaupiga mlango ngumi kama nilivyozoea, mara nne, mara tano, kama mwendawazimu, kioo kisitikisike. Bi Maryamu akafungua mlango wenyewe na Mwanakheri akajitupa nje, akatambaa hadi kwenye kivuli cha minazi ya shamba la mtu. "Hamnirudishi humo," akasema. "Nizikeni hapa."

Wanawake wakatoka kwenye nyumba ya jirani mbio, wakamzunguka na kanga. Mimi nilisimama kando ya gari nikiwapa mgongo, na Bwana Kassim hakushuka. Sijui ulikuwa muda gani. Nilisikia sauti ya Bi Maryamu ikiamuru, na sauti nyingine ambayo siwezi kuiandika, kisha mtoto akalia. Wanawake wakasema alhamdulillahi. Bwana Kassim akashusha kioo chake, sasa akakishusha, akasema alhamdulillahi, akatazama saa. "Athmani, washa. Boti haitungoji."

"Na wao, Bwana?"

"Si keshasema hapandi? Na kiti kimechafuka. Ukirudi kioshe."

Niliwasha. Naandika hili kwa mkono wangu: niliwasha gari, nikawaacha mama mwenye damu na mtoto wa dakika chache mchangani, nikampeleka Bwana Kassim na magunia mawili ya kamba Mtangawanda. Watu wa Siyu ndio waliombeba Mwanakheri kwa kitanda, mabegani, hadi botini, yeye na mwanawe. Nilikutana nao nikirudi. Hakuna aliyeniitikia salamu. Na kule gatini, nikiwa bado nashusha magunia, nilikuwa nimeshamsikia Bwana Kassim akiwaambia watu, huku akitabasamu kwa unyenyekevu, "Sadaka ina mambo yake. Mtoto kazaliwa garini mwangu yeo hii."

Mwanakheri alirudi kutoka Amu baada ya siku kumi, mzima, amekonda sana. Nilikwenda kwao asubuhi. Alikuwa ameketi ukumbini juu ya mkeka, mtoto yuko kwenye beseni, anamwagiwa maji ya vuguvugu kwa kiganja. Mamake akaniletea kiti, sikukaa. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa habari ya kioo.

Hakuinua kichwa. "Ulijua kuwa hakifunguki?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ijumaa. Nilijua kitakufa."

Akamgeuza mtoto, akamsafisha mgongo. "Na mbele ya watu wote ulisema kizima." Akamnyanyua, akamfunika kwa taulo. "Sasa wanijia mimi nikupe radhi urudi ukalale. Nenda kakitengeneze."

Nilikwenda moja kwa moja. Ufunguo niliuchukua mwenyewe, nikalileta gari hadi uwanjani mbele ya msikiti, walipoketi wazee, Mzee Bakari miongoni mwao, nikafungua milango miwili ya kushoto mchana kweupe. Ule wa nyuma niliutoa uchafu wote, kila kilichokuwamo, nikakimwaga chini kwenye mchanga watu wakione. Wazee wakaziba pua. Mzee Bakari hakuziba. Alisimama akaja akatazama, akauliza, "Hiki kilikuwamo Ijumaa?" Nikamwambia ndiyo, kilikuwamo. Nikaosha kwa sabuni na maji ya kisima ndoo kumi na moja, nikazibua vitundu vya chini, nikaitoa mota mpya mbele, nikaitia nyuma. Mbele nikarudisha ile iliyokufa.

Bwana Kassim alikuja kabla ya adhuhuri, kanzu inang'aa, Shee nyuma yake. Alikuwa na mkutano Siyu. Aliona tope mchangani, akalizunguka kwa mbali, akaingia kwenye kiti chake cha mbele bila kuuliza. Akabonyeza swichi. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, hiki kimekufa."

"Ndiyo, Bwana. Mota nzima nimeitia nyuma."

"Nyuma kwa nani?"

"Kwa wagonjwa."

Joto lilikuwa kali, na jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. "Na mimi nikae wapi?"

"Kaa nyuma, Bwana. Huko kioo hufunguka."

Alishuka. Nilidhani atanipiga, lakini alifungua mlango wa nyuma, akainama, akaingiza kichwa. Miezi yote ile hakuwahi kukitia kichwa chake pale. Nilikuwa nimeosha mlango, si kiti, na kiti kilikuwa na miezi yote ndani ya godoro lake. Nikauona uso wake ukibadilika, ukikunjamana kama wa mtoto aliyelishwa shubiri, na mkono wa kanzu ukapanda puani. Akarudi nyuma, akamtazama Mzee Bakari, kisha akatutazama sote, mmoja mmoja, kwa chuki, kama kwamba tumemfanyia uchafu sisi. Akaenda zake kwa miguu. Mzee Bakari akanyoosha mkono nikampa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

Kabla ya magharibi Shee alikuja kuniambia nikusanye vyombo vyangu. Asubuhi nilikwenda kutafuta boti, na njiani nikapita mlangoni kwa Mwanakheri. Alikuwa amesimama kizingitini, mtoto begani.

"Kimetengenezwa," nikamwambia. "Hufunguka hadi chini."

"Nimesikia," akasema. "Umefanya vizuri." Akampigapiga mtoto mgongoni, akatazama upande wa uwanja lilikoegeshwa gari. "Lakini mimi silipandi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.